Wakati Mnasubiri Duka Lifunguliwe

Mwezi huu tuwaache kidogo mawifi na nyumba ndogo wapumzike, maana nao ni binadamu. Nataka tuzungumzie kusubiri. Sizungumzii kusubiri daladala pale Mwenge saa kumi na mbili jioni, huko kila mtu ana ujuzi wake. Nazungumzia kusubiri kitu ambacho umeambiwa kipo, wenzako wanakitumia, unakiona kabisa kwa macho yako, ila kwako bado hakijafika. Na hakuna anayekwambia kitafika lini.

Mfano wangu ni wa muziki, maana muziki na mapenzi ni mtu na mdogo wake. Vijana wa leo wanafungua simu na kusikiliza chochote wanachotaka. Ukiwaambia kulikuwa na miaka ambayo duka la nyimbo la mtandaoni lilisubiriwa nchi kwa nchi kama mwezi wa Idi, wanakucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu wanachungulia angani: umeonekana? Haujaonekana. Umeonekana wapi? Kwa jirani!

Duka lililotembea taratibu

Tukumbushane kidogo. Mwaka 1999 ulizuka mtandao wa Napster, watu wakawa wanabadilishana nyimbo bure kupitia kompyuta zao. Kampuni za muziki zikaenda mahakamani, na mwaka 2001 Napster ile ya bure ikazimwa. Kisha tarehe 28 Aprili 2003 kampuni ya Apple ikafungua iTunes Music Store nchini Marekani. Nyimbo 200,000 za kuanzia, kila wimbo senti 99 za dola. Hulazimiki kununua albamu nzima kwa ajili ya wimbo mmoja unaoupenda. Unalipa, unaushusha, ni wako.

Wiki ya kwanza peke yake ziliuzwa nyimbo milioni 1. Na hapo walioweza kununua walikuwa wenye kompyuta za Apple tu. Wenye Windows, ambao ndio wengi, walisubiri mpaka Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo hata ndani ya Marekani kwenyewe kulikuwa na waliokaa ukumbini na waliosimama dirishani.

Ulaya nayo ikawa inaulizia: na sisi lini? Jibu lilikuja tarehe 15 Juni 2004. Steve Jobs mwenyewe alitua London kutangaza kwamba duka limefunguliwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Waingereza waliuziwa wimbo peni 79, Wafaransa na Wajerumani senti 99 za yuro. Wiki ya kwanza, nyimbo 800,000 zikaondoka katika nchi hizo tatu.

Tarehe 26 Oktoba 2004 zikaongezwa nchi nyingine tisa za Ulaya, kuanzia Ureno na Hispania hadi Finland na Ugiriki. Hapa pana kituko. Siku hiyohiyo Apple ilizindua iPod maalumu ya bendi ya U2, Bono na mwenzake wakiwa jukwaani. U2 ni watoto wa Dublin. Na Ireland, nyumbani kwao, haikuwamo katika zile nchi tisa! Waairishi waliangalia bendi yao inavyotangaza duka ambalo wao wenyewe hawawezi kununua. Walifunguliwa Januari 2005.

Kanada ilikuwa imeambiwa Novemba 2004, ikafunguliwa Desemba. Norway, Sweden, Denmark na Uswisi zikapata Mei 2005. Japani Agosti 2005, na wao walikuwa na njaa hiyo mpaka wakanunua nyimbo milioni 1 kwa siku nne. Australia Oktoba 2005. New Zealand Desemba 2006. Wakati wote huo sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunasoma magazetini tu, kama mtu anayesoma habari za harusi ya tajiri.

Wimbo una wajomba wengi

Utaniuliza, dada, wimbo si unavuka mipaka yote kwa redio bila pasipoti? Kwa nini ugome kuvuka ukiwa dukani?

Swali zuri. Wimbo mmoja una wenyewe wengi. Kuna aliyeutunga, na kuna mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni. Haki hizo zinasimamiwa na kuuzwa nchi kwa nchi. Anayeruhusiwa kuuza rekodi fulani Uingereza anaweza kuwa si yule anayeruhusiwa Japani. Halafu kila nchi ina chombo chake cha kusimamia haki za watunzi. Kwetu Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyotuletea COSOTA. Mwenye duka akitaka kuingia nchi mpya, inabidi apige hodi upya kila mlango, wakubaliane bei, kodi na jinsi ya kulipana.

Yaani ni posa hasa. Baba amekubali, lakini bado wajomba. Wajomba wamekubali, shangazi mkubwa hajaulizwa. Na wapo wanaokataa kabisa. Duka lilipofunguliwa Ulaya mwaka 2004, kampuni nyingi ndogo za muziki zinazojitegemea hazikuwamo siku ya kwanza, kwa sababu hazikuridhika na masharti. Japani nako, muziki wa Sony haukuwamo siku ya ufunguzi, na ukiangalia Sony ni wenyeji wa palepale. Kwa hiyo hata mlango ulipofunguka, ndani hukukuta kila ulichokuwa unakiota.

Hata walio ndani hawakuwa sawa. Duka lilimtambua mteja kwa nchi iliyotoa kadi yake ya benki. Mwingereza aliyeona Mjerumani analipa nafuu hakuweza kwenda kununua katika duka la Ujerumani, ingawa wote walikuwa Umoja wa Ulaya. Malalamiko yalifika hadi Tume ya Ulaya, na Januari 2008 Apple ikakubali kushusha bei za Uingereza zilingane na za wenzao. Miaka karibu minne ya kulipa zaidi kwa wimbo uleule.

Shemeji na sekunde 30

Sasa niwaletee habari hii nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliondoka Dar Septemba 2003 kwenda Birmingham kusomea uuguzi. Aliacha mchumba, karani wa ofisi moja mjini, mtu mpole anayependa muziki kuliko chakula. Namwita shemeji na jina lake silitaji, maana jarida hili analinunua kila mwezi na anaanzia ukurasa huu.

Duka lilipofunguliwa Uingereza, mdogo wangu alikuwa na kompyuta yake na kadi ya benki ya kule. Akanunua wimbo wake wa kwanza kwa peni 79. Jumamosi akapiga simu kwa zile kadi za kukwangua, dakika zinayeyuka kama barafu juani. Akamwambia mwenzake, "Nataka nikununulie nyimbo, uwe na zangu na mimi niwe na zako." Haikuwezekana. Tanzania haikuwa katika orodha. Hata zile nyimbo alizozinunua yeye zilikuwa na kufuli, zinacheza kwenye kompyuta tano tu alizoziruhusu mwenyewe. Ungeutuma wimbo kwa barua pepe, ungefika umefunga mdomo.

Shemeji hakukata tamaa. Akaiweka ile programu kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Ukichagua duka la Marekani au la Uingereza unaingia vizuri tu, unaona kila kitu kimepangwa, unasikiliza sekunde 30 za wimbo. Halafu kimya. Aliniambia, "Dada, ni kama kusimama nje ya ukumbi wa harusi ya watu. Pilau unalinusa, ndani huingii."

Basi wakakubaliana wasubiri. Duka likifika Bongo, watanunuliana. Shemeji akawa na kidaftari, kila nchi inayofunguliwa anaiandika. Oktoba 2004 akaandika nchi tisa, na alipofika kwenye Ureno akachekelea, eti Ureno si mbali na Afrika. Agosti 2005 akaandika Japani. Alikuwa anahesabu nchi kama kondakta anavyohesabu vituo, na kila kituo gari linapita upande mwingine.

Mimi kilichonishtua hakikuwa kile kidaftari. Kilichonishtua ni kwamba neno "likifika" lilihama kutoka kwenye muziki likaingia kwenye mambo yao mengine. Barua ya posa? Akimaliza shule. Kujitambulisha kwa wazee? Akipata kazi ya kudumu kule. Mahari? Mambo yakikaa sawa. Wakawa wanaongea kila Jumamosi na kila Jumamosi wanaahirisha kitu kimoja. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, hakuna aliyekuwa na mtu pembeni. Lakini miaka miwili ikapita wakiwa dirishani, wanasikiliza sekunde 30 za maisha yao.

Aliyewaamsha ni mama mdogo. Siku moja mwaka 2006 shemeji alikwenda kumsalimia kama kawaida yake, akakaa kwa adabu, akaanza kueleza habari za nchi mpya zilizofunguliwa. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, hivi wewe unamuoa binti yangu au unaoa kompyuta?"

Shemeji alitoka pale kichwa chini. Wiki ileile akaenda Kariakoo akanunua kaseti tano halisi za wanamuziki wa hapahapa, taarabu na Bongo Flava, akazifunga pamoja na barua ya mkono, akampa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Uingereza. Mdogo wangu akapata redio ya kaseti kwenye duka la vitu vya mitumba. Naye akachukua nyimbo alizokuwa anazinunua miaka yote miwili, akazichoma kwenye CD, kitu ambacho duka lenyewe lilikiruhusu tangu mwanzo, akampa msafiri yuleyule arudi nayo. Zawadi iliyosubiri miaka miwili ilifika kwa wiki tatu, ndani ya begi la mtu, katikati ya soksi na chokoleti.

Mwezi uliofuata washenga walifika kwa baba mdogo. Harusi ilikuwa Desemba 2007.

Mazoea hayana likizo

Msomaji wangu, usinielewe vibaya. Sisemi kusubiri ni ujinga. Mapenzi ya kweli yanasubiri, na wapo wanaosubiriwa kwa sababu za msingi kabisa: shule, kazi, ugonjwa, eda. Ninachosema ni kwamba muda wa kusubiri si muda mtupu. Unachokifanya ukiwa unasubiri kinageuka kuwa mazoea, na siku mlango ukifunguliwa unaingia nayo ndani.

Rudi kwenye muziki uone. Wakati duka halijafika, mtaa haukukaa kimya. Wenye vibanda walikuwa wanachoma CD, nyimbo mia kwa mpigo, za wasanii thelathini ambao hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Baadaye ikaja flashi: unampelekea kijana wa kibandani, unamwambia nijazie, anajaza. Ukitaka kushusha mwenyewe, intaneti kafe ilikuwa ya kusuasua. Wimbo wa ukubwa wa kawaida ungechukua dakika kumi na zaidi kwa laini ya simu, na hapo umeme haujakatika. Mpaka Julai 2009, mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipotua, ndipo intaneti ya Dar na Mombasa ilipoanza kupata nguvu.

Siwalaumu watu. Kununua kwa njia halali kulihitaji kadi ya benki ya ng'ambo na anwani ya ng'ambo, vitu ambavyo mtu wa Manzese au wa Kisumu hakuwa navyo. Lakini katika ile miaka ya kusubiri, watu wengi wakazoea kwamba wimbo ni kitu cha bure. Wakazoea kumpenda msanii, kumwimba msanii, kumwita mtoto wao jina la msanii, na kutomlipa msanii.

Halafu milango ikaanza kufunguka. Kwanza ilifunguka ya kwetu wenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, suala la kadi ya benki likaanza kupungua uzito. Miito ya simu ikaja, watu wakalipia wimbo kwa salio. Zikaja huduma za Afrika, Mdundo ya Kenya, na Boomplay iliyoanza mwaka 2015. Duka la iTunes nalo lilipiga hatua kubwa Desemba 2012, likaingia nchi zaidi ya 50 kwa mkupuo, zikiwamo Afrika Kusini, India, Urusi na Uturuki. Tanzania tuliendelea kungoja. Apple Music ilitufikia Aprili 2020, miaka 17 kamili tangu lile duka la kwanza lifunguliwe Marekani. Spotify, ambayo Waswidi waliianzisha na kuifungulia watu mwaka 2008, ilitangaza nchi mpya zaidi ya 80 Februari 2021, na safari hiyo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tulikuwamo wote. Msijione wanyonge sana, hata Wamarekani waliisubiri Spotify karibu miaka mitatu, mpaka Julai 2011.

Na milango ilipofunguka, nani aliingia kwa kulipa? Wengi ni wale waliokuwa wanalipa tangu zamani kwa njia walizokuwa nazo. Shemeji aliyekuwa anapanga foleni kununua kaseti halisi ndiye leo analipia kila mwezi bila kugombana na mtu. Ukimuuliza anakwambia, "Nimezoea." Na yule aliyezoea kujaziwa flashi, mwonyeshe duka zuri kiasi gani, atakuuliza kama kuna njia ya kulipata bure.

Linalokuja si lile ulilolisubiri

Kuna jambo jingine ambalo nataka wale wenye wachumba wa mbali walisome mara mbili.

Duka ambalo shemeji aliliandikia kidaftari halikufika Tanzania kama alivyolisubiri. Alisubiri duka la kununua wimbo mmoja mmoja, ukawa wako mpaka kufa. Huduma zilizofika mwaka 2020 na 2021 ni za kusikiliza, si za kununua wimbo ukawa wako: ukiiacha huduma, nyimbo ulizozizoea zinabaki kwa mwenyewe. Hata makufuli yale ya mwaka 2004 yaliondolewa kwenye nyimbo za iTunes mwaka 2009, na bei ikawa za madaraja matatu. Miaka inapita, kitu chenyewe kinabadilika kikiwa njiani.

Binadamu naye ni hivyohivyo. Mdogo wangu aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Anakunywa chai bila sukari. Chakula cha usiku anataka saa kumi na mbili jioni. Akisema saa mbili anamaanisha saa mbili, na shemeji akifika saa mbili na nusu anakuta mtu ameshanuna. Shemeji naye alikuwa ameshakuwa mwanaume mwenye ratiba zake, anayekula peke yake, anayelala redio ikiwa wazi. Miezi ya mwanzo ya ndoa ilikuwa kazi kweli. Kilichowaokoa ni kwamba tangu zile kaseti za mwaka 2006 walikuwa wameanza kupeana walichonacho, si walichoahidiana. Barua zile zilikuwa zinasema ukweli: nimechoka, nimefeli mtihani, nimepunguziwa mshahara, naogopa. Waliokutana uwanja wa ndege walikuwa wanajuana. Hawakuwa watu wawili waliopendana na picha.

Barua nyingi zinazonifikia ni za kinyume chake. Dada anasubiri miaka sita mtu aliyeko nje, anaahidiwa "nikipata makaratasi". Kaka anamsubiri binti "akimaliza chuo", na chuo chenyewe hajui ni mwaka wa ngapi. Wameacha kuulizana maswali. Kila mmoja ameshika sekunde zake 30 nzuri za mwenzake, anazirudia usiku. Siku wakikutana wanashangaa, kumbe wimbo una beti nyingine.

Kabla hujageuza ukurasa

Kwa hiyo mwenzangu unayesubiri, chukua haya matatu.

La kwanza, uliza tarehe. Kanada waliambiwa Novemba wakapata Desemba. Walikasirika, lakini walikuwa na kitu cha kushika. Mtu anayekupenda anaweza kukosea tarehe. Asiyetaka kutaja tarehe yoyote mwaka wa tatu sasa, huyo anakupa sekunde 30.

La pili, tafuta begi la msafiri. Nina maana, tazama ni kitu gani mnachoweza kufanya leo kwa mlichonacho. Barua ya posa haihitaji visa. Kumsalimia mama mkwe hakuhitaji kadi ya benki. Kuambizana ukweli kwenye simu ni dakika zilezile mnazozitumia kuambizana "mambo", "poa", "safi".

La tatu, na hili ni la wapenda muziki wote, walio na wachumba na wasio nao. Kama kuna msanii aliyekusaidia kumtongoza mkeo, aliyekuliza ulipoachwa, aliyekuchezesha siku ya harusi yako, mlipe. Siku hizi mlango uko wazi na simu iko mkononi. Najua kila wimbo unapochezwa kwenye huduma hizi, kinachomfikia mwenyewe ni sehemu ndogo ya senti. Basi ongeza na njia nyingine: nunua tiketi ya onyesho lake, lipia muito wake wa simu, na ukimkuta anauza fulana mlangoni usijifanye hujamwona. Mwimbaji wa taarabu aliyelijaza jukwaa la bibi yako hakuwa na duka la mtandaoni, lakini alitunzwa palepale, noti mkononi, macho kwa macho. Tulikuwa tunajua kulipa zamani sana, kabla ya kadi na kabla ya mtandao.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutarudi kwa mawifi, naona watakuwa wameshapumzika vya kutosha. Kabla ya hapo niandikie, kwa ukweli wako: unasubiri nini, tangu lini, na wiki hii umefanya nini juu yake? Barua nzuri nitazichapa hapahapa, na majina nitayaficha kama ninavyomficha shemeji.

Wasalaam, dada yako akupendaye.